Mnamjua Kakuei Tanaka, au mnajua kuinama tu?

Shemeji yangu ameituma tena ile video kwenye kundi la familia. Mnaijua. Mzee wa Kijapani, suti nyeusi, mbele ya maikrofoni, anainama mpaka paji la uso linakaribia kugusa meza, huku kamera zinammulika kama radi. Chini yake shemeji kaandika: "Wenzetu wana aibu. Sisi je?" Vidole gumba vikamiminika. Binamu mmoja akaongeza kwamba Wajapani wakishikwa na hela ya umma hujipasua tumbo.

Nimechoka. Si kwamba nawatetea viongozi wetu, Mungu apishe mbali. Kinachonikera ni kwamba tukishasema Mjapani amezaliwa na aibu, tumejisamehe. Yeye anayo, sisi hatuna, kazi ya Mungu haina makosa, tupitishe kahawa.

Haya, nawapa Mjapani mmoja.

Kakuei Tanaka alizaliwa mwaka 1918 Niigata, upande unaotazama Bahari ya Japani, ule ambao wakubwa wa Tokyo waliuita "Japani ya nyuma". Baba yake alikuwa mtu wa kuuza farasi, mwenye ndoto kubwa na madeni makubwa kuliko ndoto. Kijana hakufika sekondari. Akaenda Tokyo akiwa bado hajaota ndevu, akafanya vibarua vya ujenzi mchana na kusoma usiku, akafungua kampuni yake, na mwaka 1947 akaingia bungeni. Mwaka uliofuata akakamatwa kwa tuhuma za kuhongwa na wenye migodi ya makaa ya mawe. Uchaguzi wa Januari 1949 ukaitishwa yuko ndani. Akagombea kutoka huko huko, akashinda. (Kesi hiyo rufaa ilimwachia huru, nampa haki yake.) Uwaziri akaupata akiwa na miaka 39, na Julai 1972, akiwa na miaka 54, akawa waziri mkuu katika nchi ambayo kiti hicho kilizoea makalio ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Haikutimia miezi mitatu alikuwa Beijing akirudisha uhusiano na China. Hapo hata mimi nasimama nampigia makofi.

Sasa tuje 1974, maana ndipo hadithi ya aibu inapotakiwa kuanza.

Mwandishi mmoja kijana, Takashi Tachibana, umri miaka 34, alichapisha makala katika jarida la Bungei Shunju kuhusu fedha za waziri mkuu. Hakuwa na mtoa siri wa kukutana naye gizani. Alikuwa na wasaidizi na subira. Walikwenda kwenye masjala wakachukua nakala za usajili wa makampuni, wakachukua daftari za ardhi, wakazilaza ubavu kwa ubavu. Makampuni hewa yakaanza kujitokeza, ya watu wale wale wa karibu na bwana mkubwa. Mojawapo lilinunua ardhi ya kando ya mto Shinano kwa bei ya chee. Baadaye serikali ikajenga tuta na daraja, na bei ikapaa. Bahati ilioje!

Na waandishi wa siasa wa magazeti makubwa, wale waliokuwa wakishinda nyumbani kwake Mejiro, Tokyo, kila siku? Walipoisoma makala walisema: mbona hayo tuliyajua siku nyingi. Mliyajua! Mlikuwa mnayatunza kama mbegu, myapande msimu gani? Ilibidi waandishi wa kigeni wamkalie kooni kwenye chakula cha mchana Oktoba 22 ndipo magazeti ya nyumbani yakapata ulimi. Novemba 26 akatangaza kung'atuka.

Naomba mtulie hapa kwenye masjala, maana ndipo roho yangu iliposimama. Mtu wa kawaida anaingia, analipa ada kidogo, anapewa nakala inayosema kampuni hii ni ya nani na kiwanja kile kiliuzwa lini. Mimi nilihangaika miezi minane kutafuta jalada la kiwanja cha marehemu baba yangu katika ofisi moja. Kila nikienda: jalada liko mezani kwa mtu. Mtu gani? Ametoka. Baba yangu, kiwanja chake, kaburi lake bado lina udongo mbichi! Je, ningekuwa natafuta kiwanja cha waziri? Kwa hiyo msiniambie habari za aibu. Niambieni habari za kabati la majalada na nani ana ufunguo.

Maana huyo bwana wa aibu, mnadhani alikwenda kulima maua? Februari 1976 huko Seneti ya Marekani ikafichuka kwamba kampuni ya ndege ya Lockheed ilimwaga rushwa Japani ili iuze ndege zake. Julai 27 Tanaka akakamatwa: yen milioni 500. Risiti za fedha hizo zilisema aliyepokea amepokea "karanga". Karanga! Akajitoa kwenye chama chake, chama tawala cha LDP, akabaki bungeni kama mgombea binafsi, na kundi lake ndani ya chama alichojitoa likazidi kunenepa likawa kubwa kuliko yote. Ohira, Suzuki, Nakasone, wote walipita mlango wake kwenda kwenye uwaziri mkuu. Baraza la Nakasone watu waliliunganisha majina wakaliita "Tanakasone". Oktoba 12, 1983 mahakama ikamhukumu miaka minne jela. Akakata rufaa, akatoka kwa dhamana siku hiyo hiyo, akasema kiti cha ubunge haachii.

Desemba ukaja uchaguzi. Kura 220,761. Hakuwahi kupata nyingi kiasi hicho.

Mtasema watu wa Niigata ni wajinga. Hapo, kwa shingo upande, nawatetea. Theluji ya kule inafunika mlango mpaka watu watokee ghorofani. Wanaume walikuwa wakiondoka kila kipupwe kwenda kufanya vibarua Tokyo. Tanaka alipoanza kugombea aliwaambia milima ya Mikuni ikatwe, theluji ikaangukie Tokyo, na udongo wake ufukie bahari mpaka kisiwa cha Sado. Upuuzi, lakini nani mwingine aliwahi hata kuitaja theluji yao? Kisha barabara zikaja, mahandaki yakaja, na mwaka 1982 Shinkansen, reli ya treni za kasi, ikafika. Ningekuwa mama wa kule ambaye mtoto wake aliwahi kufia njiani akipelekwa hospitali, sijui ningempigia nani kura. Wizi ni wizi, lakini sijui.

Kiharusi ndicho kilichomweza, Februari 1985. Mwaka 1986 alichaguliwa tena bila kupanda jukwaani hata mara moja. Alifariki Desemba 16, 1993, rufaa yake ikiwa bado iko Mahakama ya Juu kabisa, na kesi ikafa naye. Jela hakuitumikia.

Nje ya stesheni ya Urasa, huko Niigata, kuna sanamu yake ameinua mkono. Wameijengea paa, theluji isimwangukie.