Kati ya Aya na Deogratias: Afrika ipi ichorwe?

Kwa miezi mitatu hii nimesoma riwaya nne za picha zinazohusu bara letu, na tangu nimalize ya mwisho nimekuwa nikibishana na rafiki yangu ambaye naye amezisoma zote. Yeye anashikilia kwamba tumechorwa tukifa mara nyingi mno, sasa wakati umefika tuchorwe tukiishi. Nilipoanza kusoma nilikuwa upande wake. Leo naona kuna jambo hoja yake inaliruka.

Vitabu vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni Aya wa Yopougon, kilichoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie. Juzuu yake ya kwanza ilitoka Ufaransa mwaka 2005. Cha pili ni Deogratias cha Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, cha mwaka 2000. Cha tatu ni Madame Livingstone cha mwaka 2014, kazi ya mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, akiwa na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Cha nne ni cha Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya 1994 na kuhamia Kanada; jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Tabasamu katikati ya machozi. Vyote nimevisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, maana kwa Kiswahili sijavikuta dukani.

Sisi tuliolelewa na magazeti ya Sani tulizoea kwamba katuni ni kicheko. Tuliyaazimana hadi kurasa zikaachana na pini zake, na mtu akikukuta umeinama juu ya kurasa zile alijua unatafuta kuchekeshwa. Kwa hiyo Aya kilinipokea kama nyumbani. Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akapelekwa Ufaransa akiwa na miaka 12, na ameeleza mara kwa mara kwamba alichoshwa na kuona Afrika ikionyeshwa kwa vita, njaa na magonjwa tu. Akaamua kuandika mtaa aliokulia, Yopougon, ulioko Abidjan nchini Kodivaa. Mwaka ni 1978. Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Mashoga zake wawili, Adjoua na Bintou, wanataka kucheza muziki na kupata wanaume.

Usiku ukiingia, soko la mtaa hubaki na meza tupu, na vijana huenda kukutana hapo kwa siri. Wamepaita Hoteli ya Nyota Elfu, kwa kuwa paa lake ni anga. Wapenzi wanajibanza kwenye meza ambazo mchana zinauziwa mboga, na Oubrerie anawachora bila kuwadhalilisha na bila kuwahubiria. Adjoua anashika mimba, anamtaja Moussa, mtoto wa bosi wa kiwanda cha bia ambako baba yake Aya ameajiriwa. Mtoto anazaliwa. Tunaonyeshwa uso wake, nasi tuliozifuata kurasa za nyuma tunajua papo hapo: huyu na Mamadou, yule kijana mtanashati wa mtaani, ni shilingi kwa ya pili. Hakuna aliyelazimika kusema neno. Riwaya ya maneno matupu ingehitaji mtu wa kutueleza mtoto amefanana na nani. Hapa jicho la msomaji ndilo linalomuumbua Adjoua, nami nikajikuta nimekuwa mmoja wa wambea wa Yopougon. Mwishoni mwa kitabu wameweka mapishi ya mchuzi wa karanga, juisi ya tangawizi, na maelezo ya maneno ya mtaani. Ni kitabu kinachokukaribisha jikoni.

Hii ndiyo nguvu ya hoja ya rafiki yangu, na siipuuzi. Msichana wa Kiafrika kutafakari mtihani wa kuingia chuo, bila mwandishi kutafuta mzungu wa kumwokoa, ni jambo ambalo limechorwa mara chache mno.

Hata hivyo kuna upande wa pili, na unaanzia kwenye tarehe. Aya kinasimulia 1978, wakati Rais Houphouët-Boigny yuko madarakani na kakao inalipa. Kilipochapishwa mwaka 2005, Kodivaa ilikuwa imekatika vipande viwili kwa vita vilivyoanza Septemba 2002. Msomaji mkali anaweza kuuliza: je, huku si kukimbilia zamani nzuri wakati nyumba inaungua? Na hata ule uzuri wa zamani, ulikuwa wa nani? Bei za kakao na kahawa ziliporomoka katika miaka ya 1980, na waliolima hawakuwa Yopougon.

Nimelipima swali hilo na sidhani linakiangusha kitabu. Ukisoma zaidi ya juzuu ya kwanza unakuta machungu yamo, ila yamekatwa kwa ukubwa wa nyumba. Baba yake Aya anabainika ana mwanamke mwingine na watoto. Chuoni, mwalimu anataka kumlazimisha Aya kimapenzi. Innocent, msusi, anaondoka kwenda Paris kwa sababu mapenzi yake kwa mwanaume mwenzake hayana pa kukaa. Hayo si maisha ya raha mustarehe. Abouet amekataa tu kwamba shida yetu lazima iwe na bunduki ndiyo ihesabike.

Basi ningeishia hapo, kama nisingefungua Deogratias.

Deogratias ni kijana wa Kihutu. Kabla ya Aprili 1994 hana tofauti na vijana wa Hoteli ya Nyota Elfu: anawafukuzia dada wawili wa Kitutsi, Apollinaria na Benina, na mawazo yake yote yako huko. Baada ya mauaji tunamkuta akiwa na nguo zilizochanika, akizurura kuomba urwagwa, ile pombe ya ndizi. Usiku ukimkuta hajalewa anajiona anageuka mbwa, na Stassen anamchora akigeuka kweli: mgongo unapinda, mikono inakuwa miguu ya mbele. Alichokifanya katika zile siku 100, ambamo watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa, hatuambiwi waziwazi. Tunasoma huku tukiogopa kujua, na hofu hiyo inakaa katika ile nafasi nyeupe kati ya fremu moja na nyingine.

Rafiki yangu ana shutuma mbili juu ya kitabu hiki, na zote ni nzito. Ya kwanza, mchoraji ni Mbelgiji, na Ubelgiji si mtu baki katika msiba ule. Ni utawala wake ulioleta vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi zenye neno hilohilo ndizo zilizoamua kwenye vizuizi vya barabarani nani apite na nani afe. Ya pili ni huyo mbwa. Katika nchi ambako watu waliitwa mende ndipo wakauawa, kumchora mtu kama mnyama ni kucheza na moto uleule.

Shutuma ya pili ilinisumbua zaidi. Nilirudi kwenye kurasa zile mara kadhaa. Mwishowe nikaona tofauti. Jina la mende walipewa watu ili wasionekane watu. Huyu mbwa anatoka ndani ya Deogratias mwenyewe. Ni hatia yake, na ni kumbukumbu ya mbwa halisi waliokula maiti Rwanda, hadi askari wa RPF, jeshi la waasi lililoyakomesha mauaji, wakawa wanawapiga risasi. Zaidi ya hayo, Stassen hakutuanzishia na mbwa akaishia hapo. Alitupa kwanza kijana mwenye tamaa, aibu na ahadi, ndipo akatuonyesha kilichobaki. Nikasema sawa, nakubali.

Shutuma ya kwanza inajibiwa na darasa. Kuna ukurasa ambapo mwalimu anawaamuru wanafunzi wa Kihutu wasimame, kisha wa Kitutsi, na Benina ni miongoni mwa wanaobaki wamesimama huku wenzao wakiwatazama. Hakuna damu. Kuna madawati, sare, na nyuso za watoto waliokuwa marafiki hadi asubuhi hiyo. Nilipouona ukurasa huo nilikumbuka darasa jingine lililochorwa na Mbelgiji mwingine, Hergé, katika Tintin nchini Kongo, hadithi iliyoanza kutoka gazetini Brussels mwaka 1930. Hergé hakuwahi kukanyaga Kongo. Katika toleo lile la mwanzo Tintin anasimama mbele ya watoto wa Kikongo kuwafundisha juu ya nchi yao, yaani Ubelgiji. Toleo la rangi la mwaka 1946 likabadili somo likawa hesabu. Midomo ya watoto haikubadilishwa: yote ni mmoja, macho ni yaleyale, ukimtoa mmoja ukamweka mwingine hakuna atakayegundua. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikwenda mahakamani Brussels kutaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 akashindwa. Sheria iwe imesema ilivyosema, mimi naona kosa la Hergé liko palepale kwenye zile sura zinazofanana.

Hapo ndipo nilipoachana na rafiki yangu. Katika vitabu vyote hivi, kinachonigusa ni kama mtu amepewa uso wake mwenyewe, awe analia au anacheka. Katika Aya, nikiona mgongo tu najua ni Bintou au ni Adjoua, kwa nywele na mwendo. Katika darasa la Stassen, Benina anaposimama, anayesimama ni msichana ninayemjua, anayependwa na kijana ninayemjua. Ndiyo maana ukurasa ule unaumiza. Angekuwa mmojawapo wa umati, ningegeuza ukurasa.

Kwa kipimo hicho Madame Livingstone kinanipa raha na kinyongo kwa pamoja. Raha ni michoro. Baruti anapaka rangi kama mtu anayelijua ziwa: maji ya Tanganyika yana uzito, mawingu yanashuka juu ya vilima, na meli ya Wajerumani ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Graf von Götzen, inaonekana kama jitu. Kwa msomaji wa Kigoma meli hiyo si ya hadithini. Iliundwa Papenburg, ikasafirishwa kwa makasha yapatayo 5,000 kupitia Dar es Salaam, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Kuikuta imechorwa na mtoto wa Kisangani, kwa uangalifu ule, kuliniliza kidogo.

Kinyongo ni kwamba macho tunayoazimwa ni ya Mercier, rubani wa Kibelgiji aliyetumwa kuizamisha. Mtu ninayemtaka mimi ni mwenzake, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kujiita mtoto wa Livingstone, mwanaume anayedhihakiwa na kila mtu ilhali anaijua nchi kuliko wote. Kila anapoanza kuongea, Mercier anarudi katikati ya fremu. Na wapagazi? Vita vile viliwaua kwa makumi ya maelfu, na kikosi chao kwa upande wa Waingereza ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Nilitamani mmoja wao apewe kurasa kumi. Anayekitetea kitabu atasema askari na wapagazi wameonekana humo kuliko katika vitabu vingi vya vita hivyo, na ni kweli. Kuonekana nyuma ya mtu, hata hivyo, si sawa na kusikilizwa.

Bazambanza sitamkalia sana. Mkono wake ni mzito kuliko wa wenzake, na wahusika wake wanaeleza historia ndefu ndani ya viputo vya maneno hadi picha inabanwa pembeni. Kama ningetoa alama za uchoraji tu, angekuwa wa mwisho. Lakini anachora majirani aliokula nao, na hilo Stassen hawezi kulifikia kwa ufundi wowote. Ukivisoma vyote viwili kwa kufuatana, kama nilivyofanya mimi, kimoja kinakupa kivuli na kingine kinakupa majina.

Kwa hiyo rafiki yangu anaposema tuchore maisha, namwambia ndiyo, kwa mikono miwili. Anaposema tuache kuchora vifo, namkatalia. Wachoraji wetu wa Dar, Nairobi na Bukavu wana hadithi za aina zote mbili, na itakuwa hasara kuwaambia waache nusu mlangoni.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Nilimpa Aya likizo hii, akakimaliza kwa siku mbili, akatengeneza juisi ya tangawizi kwa maelekezo ya kurasa za mwisho na kuniletea bilauri. “Mjomba, hii ina ya pili?” Ninamtafutia. Deogratias kiko juu ya kabati. Dada yangu ameomba nisubiri binti amalize kidato cha nne, nami nimekubali, ila nimemwambia sitasubiri zaidi ya hapo.