Wacheni wimbo uishe

Jumamosi nilienda shoo ya First Aid Kit hapa Göteborg na mpaka leo sijatulia, acha niandike tu. Kwa wale hamuwajui, ni ndugu wa toka nitoke, Johanna na Klara Söderberg, wasichana wa Enskede huko pembeni mwa Stockholm, wanaimba folk ya gitaa na sauti mbili. Ukumbi ulikua umejaa pomoni. Katikati ya shoo wakaziacha maiki, wakasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, wakaimba na sauti zao tu na gitaa, wimbo wa kutoka albamu yao ya kwanza. Na watu wote hao, wengine na bia mkononi, wakanyamaza, hata kukohoa hakuna, nilikua naskia kidole kikiteleza kwenye waya. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukaisha, ndio makofi yakaanza.

Nililia. Mama mmoja hapo kando yangu alinipa tishu bila kusema neno, nafikiri alidhani ni wimbo umenigusa. Mimi nilikua nawaza kaka zangu.

Hiyo albamu inaitwa The Big Black & the Blue, ilitoka 2010, Klara ndio alikua amefika 17 na Johanna ana 19. Walirekodia nyumbani kwao na aliyekaa kwenye mashine ni baba yao, mzee ambaye zamani alikua mwanabendi. Ukiiskiza na spika nzuri utaona haina vitu vingi, gitaa, kinanda kidogo, na zile sauti mbili zimeshikana mpaka hujui ya nani imeishia wapi. Kushikana kwa namna hiyo hakufundishwi, hiyo ni ya watu wamelala chumba kimoja tangu utoto.

Sasa mwaka huo huo 2010, kaka zangu wawili walipanda matatu kwetu Shinyalu, Western ya Kenya, wakashuka Kisumu, wakalipa studio na pesa ya ng'ombe, wakarekodi nyimbo nane. Mkubwa kwa gitaa, mdogo kwa chupa ya Fanta. Mtu wa Western hahitaji kuelezewa hiyo chupa. Ni omutibo, mtindo wetu wa gitaa, vile marehemu George Mukabi, mpiga gitaa wa kwetu, aliwaachia wazee wetu alipofariki 1963, kidole gumba kinatembea na besi, vidole vingine vinaongea, chupa inakwaruzwa pale kando, na sauti ya pili inapanda juu ya ya kwanza. Walitoa CD mia mbili. Kabla wiki mbili hazijaisha kila kibanda cha steji kilikua na kopi ya shilingi hamsini, na zile zao waliuza kama thelathini hivi, nyingi kwa sisi ndugu.

Alafu hiyo shoo yao kubwa. Ilikua matanga, na mnajua hapo ndipo msanii wa kwetu hupata umati. Wakaanza wimbo wa pili, ule walitungia mama, wakafika ubeti wa pili na watu wameanza kuskiza kweli, wamama wamesimamisha masufuria, ndio emsii akawanyang'anya maiki sababu mheshimiwa ameingia na magari yake. Mheshimiwa akaongea, wa pili wake akaongea, wa tatu akaongea, na usiku ukaingia spika za disko matanga, ile densi ya usiku msibani, zikafunguliwa. Ule wimbo haujamalizwa hadi leo mbele ya watu. Walipewa chakula na mia tano wagawane.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "haya tumekuskia wa majuu". Ndugu yangu, mimi huku naogesha wazee, zamu ya usiku, na nikitoka kazini ni giza na nikiingia ni giza. Sijaja kuwaambia wazungu wanatushinda muziki. Hawatushindi! Hao dada wenyewe ni Waswidi wanaimba Kiingereza kwa mtindo wa mashambani Marekani, wameazima kwa watu wa mbali na wameitunza vizuri kweli, nawapa heshima yao. Kaka zangu hawakuazima kitu, hizo sauti walizitoa kwa kukhu, nyanya yetu, jikoni. Na isukuti, ngoma yetu ya kucheza, UNESCO waliiweka kwenye orodha yao 2014, lakini someni vizuri ni orodha gani, ni ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka! Sisi tulishangilia siku hiyo tukarudi kwa disko matanga.

Mwingine atasema muziki wetu ni wa kucheza, si wa kukaa kama kanisani. Kwa isukuti nakubali mia kwa mia, zile ngoma tatu zikilia mabega yangu hayangoji ruhusa, na hata Jumamosi kwa ule ukumbi wote ni mimi tu nilikua natingisha mabega. Na niseme ukweli, ule unyamavu una baridi yake. Shoo ikaisha kila mtu akachukua koti lake akaelekea kwa tramu, hakuna mtu amenisalimia toka nimeingia, nyumbani ningetoka hapo na namba za watu watatu na mwaliko wa harusi. Hiyo siwezi kuwabadilishia na kitu.

Lakini omutibo ni maneno jamani. Ni hadithi. Ubeti wa tatu usipoimbwa hujaskia kitu, ni kama mtu akutolee habari ya kifo akatwe kabla hajataja nani. Na msiniletee pakruok ya Wajaluo, eti hata nyatiti, kile kinanda chao cha nyuzi, husimamishwa mtu ajisifu. Nimekaa Kondele, hapo Kisumu, miaka sita, nimeiona na nimeifurahia, ile ni sehemu ya muziki, mwenye kujisifu anatoa pesa, mpigaji anajua pa kusimama na pa kuingilia tena. Mheshimiwa harudishi wimbo mahali aliukatia.

Na ile ya "watu hawana pesa ya tiketi", kwani nani ametaja tiketi? Naomba dakika nne, wimbo uishe.

Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kijaluo, alibeba nyatiti mpaka London akaipiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, na albamu yake ikatoka 1993 na Real World, kampuni ya hukohuko Uingereza. Alirudi akafariki Nyahera, hapo tu juu ya Kisumu, mwaka wa 2019. Ni wangapi wetu tuliwahi kupanda Nyahera tukakaa chini tumskize? Mimi sikuwahi, na nilikua naishi Kondele. Hiyo inaniuma kuliko yote nimeandika hapa.

Jumapili nikatumia kaka zangu hiyo albamu kwa simu, yote, sikuwaambia kitu. Mdogo hajajibu. Mkubwa amenitumia sauti jana usiku, naskia kuku na jembe nyuma yake, anasema, "Dada, nimewaskia hao watoto. Huyo mmoja anangoja mwenzake avute pumzi ndio aingie. Na sisi tulikua tunafanya hivyo, unakumbuka?" Alafu akanyamaza kidogo, akauliza kama Desemba nikija nitawatafutia chupa ya Fanta ya glasi, sababu madukani sasa wanauza ya plastiki.