Maji ya tundu moja la pua si vumbi la Dodoma

Kiangazi kikishika na upepo ukianza kubeba vumbi, kila pua inayotoa maji hapa Dodoma huitwa aleji. Nyingi ni aleji kweli, sikatai. Lakini maji maangavu yanayotoka tundu moja tu, yanayomiminika mtu akiinama kufagia, na yenye chumvichumvi yakishuka kooni, yanaweza kuwa maji ya ubongo, yaani yale yanayouzunguka ubongo, yakivuja kupitia tundu kwenye mfupa wa fuvu. Kinachonikera ni fomu ya daktari ya kuomba picha iliyoandikwa "CT ya sinasi, aleji?", basi: CT ni picha ya eksirei ya mikatomikato, na sinasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso.

Fomu hiyo huzaa mikato ya milimita 5 kwenye filamu. Tundu la milimita 2 kwenye sakafu ya fuvu linamezwa humo, halionekani kabisa. Andikeni hivi: mashaka ya tundu kwenye sakafu ya fuvu, mikato isiyozidi milimita 1, mpangilio wa kuonyesha mfupa, koronali (mkato wa kutazama kwa mbele) na sajitali (mkato wa kutazama kwa ubavuni), na mifupa ya masikio iingie, kwa sababu maji ya ubongo yanayovujia sikioni hushuka puani kwa mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Sindano ya dawa ya kung'arisha picha haihitajiki. Mikato hiyo myembamba hupatikana kwa skani ileile, bila mionzi ya ziada, ila data ya mwanzo isiwe imeshafutwa kwenye mashine. Mgonjwa apewe CD, filamu peke yake haitoshi.

Ukiliona tundu, usikimbilie kuandika ripoti. Mfupa wa pembeni mwa paa la pua ni mwembamba mno, hata mzima huonekana kama haupo. Tazama chini yake. Kama sinasi imejaa hapo, CT haitakuambia ni kamasi, ni maji au ni ubongo ulioshuka. Hapo ni MRI, picha ya sumaku, T2 ya koronali (aina ya picha ambayo maji hung'aa): kifuko cha utando wa ubongo kilichoshuka kikiwa na maji tu hung'aa kama maji, ubongo hubaki na rangi ya ubongo, na shingo ya kilichoshuka unaifuata mpaka ndani ya fuvu. Kona ya pembeni ya sinasi ya sfenoidi, ile ya ndani kabisa nyuma ya pua, husahaulika sana. Iangalieni. Na kikalio cha tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kikionekana kitupu, shinikizo la kichwa huenda liko juu. Ukiziba tundu bila kutibu shinikizo hilo, litavuja tena.

MRI ni ghali, na kutoka Kondoa au Manyoni ni nauli juu ya nauli. Najua.

Hata hivyo, nyama ya pua ya upande mmoja, hasa kwa mtoto, hasa ikivimba akilia, isishikwe na koleo kabla ya picha. Kinachokatwa kinaweza kuwa ubongo, na mlango unabaki wazi kwa homa ya uti wa mgongo.