Mvinyo Dukani kwa Ami

Ami yangu ana duka la leso katika Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, na kwa miaka mingi hesabu ya mali yake ilitunzwa na programu moja ya zamani ya Windows, ambayo fundi aliyeiandika alikwisha kuhamia ng'ambo na hapatikani tena. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado inatumia Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014, na ilikuwa na virusi wengi kuliko wateja. Nikajitolea kuifuta yote, kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na kuiendesha programu ile ya hesabu kwa Wine, programu inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Ami alikubali kwa sharti moja tu, kwamba faili zake nizinakili kwanza kwenye flashi. Nilizinakili, nikaweka Linux, nikazirudisha katika folda ya Documents, kisha, kwa kuwa flashi ilikuwa yangu na nilikuwa na filamu za kubeba, nikaifuta flashi.

Kosa langu la kwanza, lakini, lilikuwa kulitamka jina hilo la Wine. Tasbihi ya Ami ilisimama mkononi.

"Mwanangu, wanitilia mvinyo dukani, na Ramadhani yabisha hodi?"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba jina hilo ni kifupisho tu, na kirefu chake kinasema kwamba Wine si kiigizi: haijengi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta, bali hukaa katikati kama mkalimani, hata programu ya Windows inapoomba kufungua faili au kuchora dirisha, ombi hilo hugeuzwa papo hapo kuwa ombi ambalo Linux inalielewa. Nikaongeza, kwa kujionyesha, kwamba mradi huo ulianza mwaka 1993 na toleo la 1.0 halikutoka mpaka 2008.

"Miaka kumi na mitano," alisema Ami. "Basi ni mvinyo kweli, umelazwa ukalazika." Alijuaje mambo ya kulaza mvinyo, sikuthubutu kumuuliza.

Hatukufika mbali. Wine ilipoamka kwa mara ya kwanza ilileta kidirisha cha kuomba ruhusa ya kupakua kitu kiitwacho Gecko, yaani injini ya kuonyesha kurasa za wavuti, yenye asili yake katika mradi wa Mozilla, ambayo Wine huitumia mahali pa Internet Explorer. Ami, ambaye Kiingereza chake alikiokota kwa watalii wa Mji wa Kale na hakikumpungukia kitu, alivaa miwani akainama mbele ya kioo. "Mvinyo," alisema polepole, "na sasa mjusi kafiri." Sikuwa na la kujibu, maana kwa Kiswahili mnyama huyo ndivyo aitwavyo, na mimi si wa kumsilimisha.

Programu ilifunguka, ikasoma orodha ya mali, ikachapa risiti iliyonyooka. Ami akanipa hongera na kahawa chungu, na hapo ndipo nilipovimba kichwa.

Ndani ya programu ile mna dirisha la kushughulikia faili, na katika dirisha hilo nikaiona folda ya My Documents imejaa faili zenye majina ninayoyajua. Mimi niliyekuwa nimetoka kumhubiria Ami kwamba hapa hakuna kompyuta ya bandia, nikajiambia kwamba hizi ni nakala za ile kompyuta ya bandia, zinajaza diski bure. Nikazichagua zote, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Programu iliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nilikuwa nayo. Kando yake lilikuwa wazi dirisha la Linux la folda ya Documents, nikaliona linapungua faili moja baada ya nyingine, kama sinia ya viazi karai mbele ya watoto waliotoka madrasa.

Nilikuja kusoma saa nane za usiku kile nilichopaswa kukisoma asubuhi: kwa kawaida Wine huiunganisha My Documents na folda yako halisi, na herufi Z:, ambayo programu za Windows huiona kama diski, huielekeza kwenye mzizi wa diski nzima. Mkalimani hana nyumba yake, nilikuwa nafuta nyumbani kwa mwenyewe. Muungano huo ungekatwa kwa mibofyo michache ndani ya winecfg, yaani dirisha la mipangilio ya Wine. Pipa la taka nalo lilikuwa jeupe, kwa kuwa programu za umri ule hufuta moja kwa moja. Nikaendesha PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, mpaka alfajiri, ikaniokolea mamia ya picha za maua ya leso, zote zikiwa na majina ya nambari, lakini faili moja haikurudi. Faili hiyo ilikuwa orodha ya wadeni.

Nilimwamkia Ami shikamoo kwa sauti ndogo kuliko ilivyo desturi yangu, kisha nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukunja uso, akafungua mtoto wa meza, akatoa kaunta buku lenye jalada lililochakaa, ambalo kumbe hakuacha kuliandika hata siku moja, akalamba kidole akafunua.

"Jozi sita za leso, harusi ya dadako, shilingi 4,200," alisoma, kisha akanitazama juu ya miwani. "Sasa nimefahamu haraka yako ya kufuta ilitoka wapi."

Niliapa kwamba sikukusudia. Akanisogezea kibodi na kiti, akaliweka buku mbele yangu, na mstari wa kwanza alionitaka niuandike ulikuwa wangu.