Jina la kosa linapotangulia ushahidi

Chukua simu ya laki na nusu. Ikiibwa juu ya kaunta ya duka, huo ni wizi, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaishia miaka 7. Mwizi akitoa panga na kumtishia muuza duka, kosa linapanda hadi unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kisichopungua miaka 30. Bei ya simu ni ile ile. Anayelipiwa hapo ni mtu aliyeona panga mbele ya uso wake. Kwa aliyekwisha kutiwa hatiani, sina ugomvi na ngazi hizo.

Ugomvi wangu ni kwamba ngazi inaanza kufanya kazi kabla ya hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichojulikana mwaka 2020 kama 148(5), inaorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha (kuzipa fedha za uhalifu sura ya halali) na mengineyo. Anayeandika hati ya mashtaka ni upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka wa serikali. Neno "panga" likiingia humo, mtuhumiwa anarudishwa mahabusu, na kila kesi ikitajwa anasikia upelelezi haujakamilika.

Wanaoitetea orodha hawasemi ovyo. Shahidi anayeishi mtaa mmoja na mtuhumiwa anaogopa kweli, na wananchi wakimwona yuko nje kesho yake wanaweza kumaliza kesi kwa mawe. Tena orodha isiyopindika haihongeki.

Mahakama zenyewe zimevutana. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu ya masharti hayo ya kunyima dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema 148(5) inakiuka Katiba; Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Kenya, chini ya ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana pasipokuwa na sababu nzito za kumnyima. (Asiye na fedha za dhamana bado analala ndani, hilo nalo tusilifiche.) Kwangu, unyang'anyi wa silaha unaweza kubishaniwa. Utakatishaji fedha ndio sioni hoja yake: mtuhumiwa wa makaratasi hashiki panga, na hofu kwamba atatoroka, mahakama ingeweza kuipunguza kwa kushikilia hati yake ya kusafiria na kumtaka awe na wadhamini.