Kilo mbili za nini? Bunduki nyepesi, sailensa na masikio ya traka

Mimi bunduki ya kilo mbili sina imani nayo, nasema mapema ili wa kukasirika akasirike sasa. Wageni wanaokuja kuwinda huku kwetu Uganda siku hizi wamepagawa na gramu, mtu anakuonyesha kitako cha kaboni faiba, bolti imetobolewa-tobolewa ipungue uzito, mtutu mwembamba kama fimbo ya mchungaji, halafu akimaliza kujisifu anatoa kwa begi sailensa (chombo cha kupunguza mlio) ya gramu mia nne na anaifunga pale mbele kabisa. Sasa si umerudisha zile gramu ulizolipia pesa nyingi kuzitoa? Na umezirudisha mahali pabaya kuliko pote.

Tupige hesabu kidogo. Bunduki kama Kimber Mountain Ascent ni kilo 2 na kidogo. Weka darubini na vishikio vyake, nusu kilo na zaidi imeenda. Weka mkanda, weka risasi ndani, weka sailensa, uko kilo tatu na kitu na hujatoka hata kambini. Sawa, kilo tatu bado si mzigo, shida yenyewe ni urefu. Mtutu wa sentimita 61 ukiongeza sailensa ya sentimita 18 bunduki nzima inakaribia mita 1.3, sasa wewe jaribu kupita nayo kwa miti ya miiba ya Kiruhura, au ndani ya mafunjo unapotafuta nzohe, yule swala wa kwenye maji, kila hatua mdomo wa mtutu unashika kitu. Na ukiiegemeza kwa vijiti ili ulenge inainamia mbele, nyuma hakuna kitu cha kuivuta, kwa hiyo inachezacheza hata ukibana pumzi.

Lakini msinielewe vibaya, sailensa yenyewe mimi naiunga mkono kabisa, tena kuliko vitu vingine vyote wanavyokuja navyo wageni. Sababu yangu ni masikio. Siongelei ya mgeni, yeye ana vile vya kuziba masikio vya betri vinavyomruhusu kusikia kunong'ona na kufunga mlio mkubwa. Naongelea traka, yule anayefuata nyayo za mnyama, na renja wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, anayetembea na sisi, na kijana aliyeshika vijiti. Hao hawana kitu masikioni, na hawawezi kuweka kitu, manake sikio ndilo linawapa chakula. Traka anasikia ndege wa mgongoni mwa nyati kabla hajamwona nyati, anasikia tawi likivunjika upande ambao sio. Sasa huyo ndiye anasimama hatua moja kutoka kwa mdomo wa mtutu mgeni anapofyatua.

Raifo ya kawaida ya kuwindia inalia desibeli 160 na zaidi. Wataalamu wa afya wanahesabu 140 kuwa mpaka kwa mlio wa ghafla, ukipita hapo hata mlio mmoja unaweza kuharibu sikio na halirudi. Sailensa nzuri inapunguza kama 20 mpaka 30 na kitu, maana yake unafika kwenye ule mpaka au chini yake kidogo. Si kimya hata kidogo, yale ya filamu yasahau! Risasi ya .308, kaliba ya kawaida ya kuwindia, inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde na sauti inaenda kama mita 340, kwa hivyo ule mpasuko wa risasi hewani unabaki palepale, hakuna chombo cha kufunga mtutuni kinachouondoa. Kinachopungua ni kishindo cha gesi, na hicho ndicho kinaua masikio. Namjua mzee mmoja amefuata nyayo maisha yake yote, leo ukimsemesha anakuangalia mdomo. Kumbe anasoma midomo, na watu wanadhani ana dharau.

Na hapa ndipo nachukia breki za mtutuni, zile zenye matundu ya pembeni. Mwenye bunduki nyepesi ya kaliba kubwa anapigwa teke mpaka anaogopa bunduki yake, basi anaweka breki, teke linapungua kweli, ila gesi na mlio wote vinarudishwa pembeni na nyuma, yaani usoni kwa traka, pamoja na vumbi. Mpigaji ana raha, wenzake wanalia masikio mpaka jioni. Sailensa nayo inapunguza teke, kwa kuishika gesi na kwa uzito wake yenyewe, bila kumtesa mtu. Kama bunduki yako haipigiki bila breki, hiyo sio ya mwili wako, rudi chini kwa kaliba.

Kuna kitu huwa kinanichekesha kuhusu historia ya hivi vyombo. Lugard, yule afisa Mwingereza, alipofika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, Desemba 1890 alikuja na bunduki ya Maxim iliyochakaa, na Januari 1892 ikatumika pale kwenye vita vya Mengo. Aliyeitengeneza ni Hiram Maxim, na milio ya bunduki zake mwenyewe ilimharibu masikio. Mtoto wake, Hiram Percy Maxim, ndiye alipata hataza ya sailensa mwaka 1909. Baba kaleta kelele, mtoto kaja kuifunika. Marekani wakaja kuiwekea ushuru wa dola 200 mwaka 1934, pesa nyingi sana wakati huo, ikawa inaonekana ni kitu cha majambazi. Finland na Norway kule ni kifaa cha kawaida tu cha mwindaji.

Haya, sasa ningechagua nini mimi. Kwanza ningeanza na sailensa ndio nitafute bunduki ya kuibeba, watu wengi wanafanya kinyume. Mtutu usizidi sentimita 51, na 46 ni tamu zaidi kwangu. Ndiyo unapoteza kasi, .308 ukiitoa sentimita 61 mpaka 46 inapungua kama mita 40 kwa sekunde, lakini huku swala pala tunampiga mita mia, mia na hamsini, ukienda sana mia mbili. Swala hatajua tofauti. Kwa kaliba za magnumu, zile za baruti nyingi, ndio sitaki mtutu mfupi, baruti nyingi inaungulia ndani ya sailensa, inapata moto haraka na inachakaa. Basi usichukue magnumu. .308, 7mm-08, 6.5 Creedmoor, yoyote kati ya hizo inatosha kwa swala, kuro, ngiri, swala kob, hata nzohe.

Unene wa mtutu pale mbele ndio jambo watu hawaliangalii. Sailensa inafungwa kwa thredi, ile mikato ya skrubu, na nyuma ya thredi lazima kuwe na bega pana la kuikalia vizuri, isikae upande. Mtutu ukiwa mwembamba sana fundi akikata thredi bega linabaki kidogo mno, sailensa inapinda nywele moja tu na risasi inagusa ndani, hapo umeharibu vyote viwili na pengine umeumiza mtu. Kwa hiyo nunua iliyokatwa thredi kiwandani, na uhakikishe thredi zinalingana, za Ulaya mara nyingi M14x1, M15x1 au M18x1, za Marekani mara nyingi 5/8-24. Adapta inasaidia ukikwama lakini ni kitu kingine tena cha kulegea njiani kwenye gari. Mtutu mwembamba pia ukiubebesha uzito mbele unabadilisha mahali risasi inapotua, mara chini, mara pembeni, na ukipata moto ndio hivyo tena. Rekebisha shabaha na sailensa ikiwa imefungwa, winda nayo ikiwa imefungwa, basi.

Bunduki yenyewe tupu ningetaka kilo 2.7 mpaka 3. Tikka T3x Lite iko pale kwenye kilo 3, Ruger American ya mtutu wa inchi 16 (kama sentimita 41) iko chini yake kidogo na bei haitishi. Hizo mtu anaweza kuzidharau kwa sababu hazina kaboni, lakini zikifungwa sailensa zinakaa vizuri mkononi, uzito uko katikati. Kuna pia sailensa za kurudi nyuma, zinauvaa mtutu kwa juu, Wafini wanazipenda, urefu unaoongezeka mbele ni kidogo. Kwa vichaka vya kandokando ya hifadhi ya Ziwa Mburo mimi ningechukua aina hiyo bila kufikiri mara mbili.

Wapenda wepesi huwa wananitajia Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo Karamoja miaka ya mwanzo ya 1900 na kaliba ndogo ya 7x57 na bunduki nyingine nyepesi. Kweli alifanya hivyo, na tembo aliowamaliza ni zaidi ya elfu moja, sioni la kushangilia hapo. Ila hata ukitaka kujifunza kwake, yeye alijua ubongo wa tembo uko wapi kutoka kila upande na alipiga wanyama ambao hawajazoea bunduki. Wewe umekuja wiki moja. Kwa nyati nchi nyingi za Afrika zinataka .375 kwenda juu, na .375 nyepesi ni upuuzi, hiyo iache iwe nzito, sailensa ukiweza weka, traka atakushukuru mara mbili.

Najua swali linalokuja: je, hii si itawasaidia majangili? Ni swali la haki. Renja kweli anasikiliza mlio, na bunduki yenye sailensa inasikika ila ni vigumu kujua imetokea upande gani. Lakini nenda hifadhi ya Murchison uulize marenja wanaokota nini kila siku, ni mitego ya waya na ile mikubwa ya chuma, vitu visivyo na sauti yoyote. Uwindaji wa wageni ulisimamishwa 1979 na ukarudi 2001 kwa majaribio pale pembeni ya Mburo, na unafanyika chini ya UWA, kwa idadi waliyoruhusu na renja akiwepo. Sailensa iwe hapo tu, iandikwe namba, iondoke na mwenyewe. Nje ya hapo mimi mwenyewe sitaki kuiona. Tena pale Mburo swala na pundamilia wanachunga pamoja na ng'ombe wa Ankole, kishindo kimoja kikitoka ng'ombe wanatawanyika, mchungaji anakimbia huku na huko anatutukana kwa Kinyankole, na ana haki, ardhi ni yake.

Vibali msifanye mchezo. Anayekupokea aulize polisi na UWA kuhusu bunduki na kuhusu sailensa, kila kimoja kwa jina lake, kwa maandishi, kabla hujapanda ndege. Usije ukaificha ndani ya soksi ukadhani ni spea. Ikitoka kwa begi Entebbe haijaandikwa popote, huyo afande hatakuuliza habari za masikio ya traka.

Na huku kwetu kuna unyevu. Jioni ukifika kambini ifungue, usiiache kwenye mtutu usiku kucha, maji na masizi ya ndani yanashuka mpaka kwenye mdomo wa mtutu na kutu inaanza hapo. Iache ikauke, asubuhi funga tena kwa nguvu ileile, piga risasi moja kwa karatasi kabla hatujaingia porini, na ndani ya gari ukisikia inagongagonga nishtue nisimamishe, tuikaze.