Sungura Aliyeota Ndevu

Mwezi wa tatu mwaka jana mke wangu alikwenda msibani Tukuyu, akaniachia nyumba, kuku sita na binti wa miaka minne. Kuku hawakunisumbua. Binti alikuwa amesahau mwanasesere wake kwenye daladala ya kutoka Mwanjelwa, na majirani wote pale Uyole walijua, maana alilia kwa zamu: asubuhi, mchana, na ile zamu ya saa nane usiku.

Nikatangaza: baba anashona sungura.

Nilikuwa na soksi za mpira, ndefu, za enzi zile nacheza namba tatu. Kazi yenyewe unaiona rahisi. Soksi unaigeuza ndani nje, unachana juu katikati upate masikio, unashona kingo, unaacha uwazi wa kumgeuzia na kumjazia. Mimi nilishona kote. Tena kwa uzi wa mara mbili! Nikafumua. Awamu ya pili nilimshona pamoja na suruali niliyovaa, na sikujua mpaka niliponyanyuka kuipua uji.

"Baba, mbona sungura amekung'ang'ania?"

Mara ya tatu akatoka. Kisigino cha soksi kiliangukia mgongoni, kwa hiyo alikuwa na kibiongo. Macho nilimwekea vifungo, kimoja cheusi cha koti, kingine cheupe cha shati. Makengeza kidogo, lakini sura ya upole.

Sasa cha kumjazia. Sufi sina, na mto ninao mmoja, ninaulalia. Juu ya kabati nikaona mfuko wa maharage. Nikamimina karibu kilo nzima. Nisijisifu sana, ila alikaa pale kwenye kochi kama mwenyekiti wa mtaa.

"Ndaga fijo, baba," binti akasema, Kinyakyusa cha bibi yake. Nikavimba kichwa.

Alikwenda naye kila mahali, mpaka ndani ya beseni la kuogea. Na ile ilikuwa masika. Wiki nzima mlima Loleza hatukuuona kwa mawingu, hata leso haikauki. Nikamweka sungura karibu na jiko la mkaa, akawa anafuka mvuke taratibu.

Siku ya nne nikaamshwa. "Baba, sungura anaota ndevu."

Nilimshika, alikuwa na uvuguvugu. Kila palipokuwa na mshono wangu palichungulia vijimkia vyeupe, na kimoja kilikuwa kimekinyanyua kile kifungo cheusi kikaning'inia shavuni. Harufu ni ya chungu kilichosahaulika.

Mchana ule ule mke wangu akarudi. Hata kitenge hajafungua, akapanda kwenye stuli, akapapasa juu ya kabati.

"Mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Uyole 96. Zile nyekundu, nilizochambua moja moja za kupanda wiki hii."

Sikujibu. Yeye akamtazama sungura, sungura akamtazama kwa jicho lililobaki.

Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya jiko, akamfukia kibiongo na yote. Masikio yaliachwa nje kwa ombi la binti, aliyekuja kumsalimia kila asubuhi.

Mwezi wa sita tulivuna sufuria moja. Mchuzi mzito, mtamu. Binti akaisukuma sahani.

"Mimi siwezi kumla."

Mke wangu akachota upawa mwingine, akaniongezea mimi.